Trela la kulala Mikumi na watoto: Anza na usiku, mapambo baadaye

Mzazi anayepanga kulala na watoto ndani ya Hifadhi ya Taifa Mikumi aanze kwa kuhesabu saa. Ikifika saa moja na nusu usiku giza limeshatanda, na mwanga wa kuona vizuri unaporudi ni kwenye saa kumi na mbili asubuhi au baada yake kidogo. Katikati hapo zipo karibu saa kumi na moja ambazo mtoto hatakiwi kushuka chini na kutembea peke yake hata hatua ishirini kwenda chooni. Kambi za hifadhini hazina ukuta. Fisi, tembo na nyati hupita walikozoea kupita, na wao ndio wenyeji.

Kwa hiyo chochote ambacho mtoto anaweza kukihitaji katika saa hizo lazima kiwemo ndani: maji, hewa, mwanga, mahali pa kujisaidia, na mlango ambao mtu mzima anaweza kuufungua gizani bila kutafuta ufunguo.

Nasema hivi kwa sababu picha za matrela ya kulala zinazozunguka kwenye simu zetu huonyesha kitu kingine. Utaona mapazia ya maua, televisheni ukutani, taa za rangi zinazobadilika, hata oveni. Vinapendeza. Lakini tazama picha hiyo tena ukijiuliza mtoto wa miaka minne akiamka saa nane usiku atakojoa wapi, na upepo unaingilia wapi ukishafunga mlango. Mara nyingi jibu halimo kwenye picha.

Karavani kubwa kama nyumba, zile za wenzetu wa ng'ambo, ni nadra kwetu. Tunachokiona zaidi ni trela fupi la chuma lenye hema linalokunjuliwa juu au ubavuni, na magari yaliyofungwa hema kwenye paa. Wasafiri wanaotoka Afrika Kusini hupanda nayo kutoka Tunduma kwa barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam, ambayo inakatiza katikati ya hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Mzazi wa hapa anaweza kukodi gari lenye hema juu, kununua trela lililotumika, au kumpelekea fundi wa kuchomelea mchoro wake. Kwa njia yoyote utakayoichagua, maswali ya usiku ni yaleyale.

Somo la behewa

Safari nzuri ya kulijua trela lako ni ule mzunguko wa Morogoro, Dumila, Kilosa, Mikumi, kisha kurudi Morogoro kwa lami kupitia hifadhini. Wengi hukimbilia Mikumi moja kwa moja. Mimi ningepitia Kilosa, kwanza kwa sababu mji wenyewe unafundisha namna ya kulala safarini.

Kilosa ni mji wa reli. Reli ya Kati iliyoanzia Dar es Salaam wakati wa Wajerumani ilifika hapa mwaka 1909, miaka miwili baada ya kufika Morogoro. Waliowahi kwenda Kigoma au Mwanza kwa treni ya zamani wanaikumbuka Kilosa ya usiku, sauti za wauzaji chini ya madirisha na watoto wakichungulia wakiwa kwenye vitanda vya juu.

Hebu wakumbuke tena vile vitanda. Daraja la kwanza vilikuwa viwili katika chumba kimoja, daraja la pili sita. Familia iliyotaka kukaa pamoja daraja la pili ilinunua nafasi zote sita, la sivyo baba alilala na wanaume wenzake na mama na wanawake. Mchana kitanda cha kati kinakunjwa kuelekea ukutani, cha chini kinageuka kiti. Dirishani pana meza ndogo. Usiku watu walikuwa wakiweka kipande cha mbao kukazia dirisha ili mkono wa mtu usipenye kituoni. Chumba kilikuwa kidogo kuliko jiko la nyumbani, na watu sita waliishi humo siku nzima na zaidi.

Mchoro huo ndio ningempa fundi. Kitanda kimoja kinachobaki kitanda mchana na usiku ni anasa ambayo trela la familia halina nafasi nayo. Chini ya kila kitanda kuwe na sanduku, na mfuniko wake ufunguke kwa mbele, siyo kwa juu, maana mfuniko wa juu utakulazimisha kumwamsha mtoto ili utoe soksi. Kitanda cha juu apewe mkubwa, si yule anayekililia, na kiwe na kizuizi cha kweli cha ubao au mkanda mpana, kirefu kuanzia kichwani mpaka magotini. Godoro la sponji la inchi nne linatosha. Nene zaidi ya hapo linakula nafasi ya kichwa na joto linabaki mgongoni. Foronya na shuka ziwe za pamba. Zile za kung'aa zinazoteleza huwa zinafanya watoto waamke wametota jasho.

Treni mpya ya umeme, iliyoanza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, haina haja ya vitanda kwa sababu safari ni ya saa chache. Ila ina faida nyingine kwa familia yenye trela. Kilosa kuna kituo. Mzazi mmoja anaweza kwenda na wadogo kwa treni, mwingine akalileta trela kwa Dumila bila kusimamishwa kila baada ya nusu saa na "nimechoka kukaa". Ulizia kwanza kama treni unayokata tiketi inasimama Kilosa, kwani zile za haraka hazisimami vituo vyote.

Na hapa niseme jambo ambalo watoto watalipinga: hakuna mtu anayepanda ndani ya trela likiwa linavutwa. Si mtoto, si dada wa kazi, si mjomba anayetaka kujinyoosha. Trela halina mikanda, dereva halisikii wala halioni ndani, na likipinduka huwa linapinduka lenyewe kabla ya gari.

Ukiwa Kilosa utauona pia mto Mkondoa. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 ulivunja kingo zake, ukaingia majumbani na kuikata reli, na maelfu ya watu wakaishi kwenye mahema. Mto huo huo wakati wa kiangazi unaonekana mpole, na kando yake pana miti na kivuli cha kumvutia mtu mwenye trela. Usiegeshe hapo. Mvua inayoujaza mto si lazima inyeshe ulipo wewe. Inaweza kunyesha milimani huku wewe ukiangalia nyota. Chagua mahali pa juu, ardhi ngumu, na uelekeze gari upande wa kutokea kabla hujatandika vitanda.

Kila starehe ina kilo zake

Kutoka Kilosa kwenda Mikumi ni kilomita sabini na ushee. Usiipime kwa akili ya lami ya Morogoro. Mahali penye changarawe, vumbi na makorongo ya mvua, trela linasema ukweli wake wote. Kabati lililofungwa kwa sumaku litafunguka. Sahani za udongo zitakuwa vigae. Skrubu zilizokazwa kwa mkono zitapatikana sakafuni.

Njiani utapita kijiji kinachoitwa Ulaya, na watoto watarudi shuleni wakisema wamefika Ulaya kwa barabara. Waache. Lakini ile Ulaya nyingine ina kanuni moja ambayo ingefaa tuiazime: nchi zake nyingi haziruhusu trela lisilo na breki zake lenyewe kuzidi kilo 750 pamoja na mzigo. Ukizidisha hapo, breki za gari pekee zinabebeshwa kazi ya magari mawili. Fundi akikwambia breki za trela ni mbwembwe, muulize yeye angeteremka nalo mlima gani.

Sasa piga hesabu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ukikadiria lita kumi kwa kila mtu kwa siku za kunywa, kupikia, kunawa na kujipangusa, familia ya watu watano kwa siku mbili inahitaji lita 100, yaani kilo 100 kabla hujaweka sufuria. Ongeza mtungi wa gesi, betri, magodoro, vyakula, baiskeli ya mtoto iliyoingizwa dakika ya mwisho. Ndiyo maana televisheni na oveni naziona kama wageni wasioalikwa. Kila kilo unayoipa pambo umeinyima maji.

Mzigo mzito ukae chini, juu ya ekseli, na sehemu kidogo mbele yake. Ukiujaza nyuma, trela huanza kutikisa mkia likifika mwendo wa lami, na dereva akikanyaga breki kwa hofu linamzidi nguvu. Tangi la maji la trela likae palepale juu ya ekseli na liwe na vizuizi ndani, ili maji yasikimbie huku na huko kila unapokata kona. Kama huna tangi la namna hiyo, madumu matano ya lita ishirini yaliyofungwa kwa mikanda ni bora kuliko tangi moja kubwa lisilofungwa. Tena dumu likipasuka umepoteza lita ishirini, siyo maji yote.

Kitu ambacho wauzaji hawakisemi ni tairi. Hakikisha trela linatumia tairi na ringi za saizi moja na za gari lako, zenye matundu ya nati yanayofanana. Spea za gari zitasaidia trela na za trela zitasaidia gari. Kwa barabara hii hilo lina thamani kuliko kipaza sauti chochote. Springi ziwe ngumu, tumbo la trela liwe juu ya ardhi angalau sawa na la gari, na mabomba ya maji yasining'inie chini yake ambako jiwe litayafikia.

Makaratasi ni mafupi kuyaeleza lakini yasiachwe nyumbani. Trela lina usajili wake na namba yake, linahitaji bima yake, taa za nyuma na viakisi. Uliza polisi wa usalama barabarani mapema kama leseni yako inakuruhusu kuvuta trela la uzito huo.

Saa kumi na moja za giza

Hifadhi ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964 na ina kilomita za mraba 3,230. Sehemu ambayo familia nyingi huizunguka ni uwanda wa Mkata, upande wa kaskazini wa barabara kuu, wenye nyasi, mabwawa ya viboko, pundamilia, twiga, nyati na tembo. Jina lenyewe linatokana na mikumi, ile mivumo mirefu ya porini yenye tumbo katikati ya shina. Waonyeshe watoto, wengi hudhani Mikumi ni neno lisilo na maana.

Ada za hifadhi huhesabiwa kwa saa 24. Familia inayoingia saa nane mchana inapata mzunguko wa jioni, usiku, na mzunguko wa alfajiri ambao wanyama wengi wanaonekana, kisha inatoka kabla ya saa nane kesho yake. Ulizia viwango vya siku hiyo na njia ya malipo kabla ya kufika langoni, na uingie kambini mapema. Kuegesha na kusawazisha trela gizani watoto wakilia njaa ni adhabu.

Usiku sasa. La kwanza ni hewa, na hewa ina mambo mawili ambayo watu huyachanganya: joto na sumu.

Joto la Mikumi hutegemea mwezi. Likizo ya Juni na Julai ni wakati wa kiangazi na usiku unaweza kuhitaji blanketi. Likizo ya Desemba ina joto, unyevu na mvua, na njia za ndani ya hifadhi huwa na tope. Kwa trela lenye watoto mimi ningechagua Juni bila kusita. Kwa wakati wowote, madirisha yawe mawili yanayotazamana, yenye wavu wa matundu madogo usiotoboka, pamoja na tundu la kutolea hewa kwenye paa. Hewa ya moto hupanda, na isipopata pa kutokea inamlalia aliye kitanda cha juu.

Wengi huuliza kuhusu kiyoyozi. Hesabu yake hii hapa. Betri ya kawaida ya volti 12 na ampea 100 ina uniti kama moja na robo, na betri ya maji haitakiwi kutumika zaidi ya nusu yake, kwa hiyo unabaki na zaidi ya nusu uniti kidogo. Kiyoyozi kidogo kinachokula wati 1,000 kitaimaliza ndani ya nusu saa na dakika chache. Feni ya volti 12 yenye wati 20 itazunguka usiku kucha kwa saa kumi na kutumia wati-saa 200 tu, na bado unabaki na umeme wa taa na wa kuchaji simu. Paneli ya sola ya wati 100 au 150 juu ya paa itarudisha kilichotumika mchana wake jua likiwaka. Jenereta litakupa kiyoyozi, ila litakunyima sauti ya usiku wa porini, wewe na majirani wote kambini.

Sumu ni jambo la kufa na kupona. Jiko la mkaa haliingii ndani ya trela wala ndani ya hema. Hata kama mkaa umeshawaka vizuri na hautoi moshi, hata kama ni baridi ya Julai na mtoto anatetemeka, hata kwa dakika kumi za kupasha uji. Mkaa unaoungua hutoa hewa ya kaboni monoksidi ambayo haina harufu wala rangi. Aliyelala haamki kukohoa, anazidi kulala. Chumba kidogo kilichozibwa vizuri dhidi ya mbu na vumbi ndicho kinachoikusanya upesi. Mtoto akisikia baridi mpe nguo ya pili na blanketi, au chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa.

Gesi nayo ina tabia yake. Ile ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia sakafuni. Mtungi wa kilo sita ukae nje, wima, kwenye kibanda cha chuma mbele ya trela, ufungwe kila mnapoondoka na kila mnapolala. Upikaji uwe nje chini ya turubai. Trela liwe na matundu madogo usawa wa sakafu, na mtungi wa kuzimia moto uning'inie karibu na mlango, siyo ndani kabisa ambako utalazimika kuupita moto ili uufikie.

Halafu choo. Sijui kwa nini waandishi wa mambo ya safari wanaona haya kuliandika hili, wakati ndilo linaloamua kama mama atalala au hatalala. Kwa mdogo chukua poti yake ileile aliyoizoea nyumbani, maana mpya gizani ataikataa. Kwa wakubwa ndoo imara yenye mfuniko unaobana na kiti cha kukalia inatosha kabisa. Weka chini maranda ya seremala ya kama inchi mbili, na mengine kwenye mfuko wa kunyunyiza juu. Yananyonya maji na kuzuia harufu. Asubuhi kinachomwagwa kimwagwe kwenye choo cha kambi, kamwe si porini. Choo cha kubebeka cha dukani chenye dawa kinafaa pia, ila dawa ile ni ghali na haitakiwi kumwagwa ovyo. Pazia dogo la kuzungushia faragha ninalihesabu kuwa la lazima kwa familia yenye binti mkubwa. Pazia la maua la dirishani linaweza kusubiri.

Mwanga uwe wa aina mbili. Taa moja hafifu ya njano karibu na sakafu iwake usiku kucha, kwani wadudu huivamia kidogo kuliko nyeupe na mtoto anaona njia ya kwenda kwenye ndoo. Nyingine iwe kali, ya nje, juu ya mlango, na swichi yake iwe ndani. Kama kuna lazima ya kufungua, taa ya nje inawaka kwanza, mtu mzima anaangalia dirishani kila upande, ndipo komeo linaguswa. Komeo liwekwe juu, mahali ambapo mtoto hafiki, na liwe la kusukuma kwa mkono. Kufuli la ufunguo kwa ndani ni hatari moto ukitokea. Pawe pia na dirisha moja pana linalofunguka lote, la kutokea upande wa pili.

Chakula kisibaki nje, wala vyombo vichafu, wala viatu. Fisi huchukua sufuria na ndala na kwenda kuzitafuna mbali. Matunda yenye harufu, hasa maembe na machungwa, ni mwaliko kwa tembo, na ukuta wa turubai kwake si kitu. Afadhali watoto wayale Kilosa yote yaishe kabla ya lango. Vyakula vingine vikae kwenye sanduku la chuma au plastiki ngumu linalofungwa, ndani ya gari madirisha yakiwa yamepandishwa. Kila mmoja alale ndani ya chandarua chenye dawa hata kama madirisha yana wavu, kwani mbu mmoja aliyeingia jioni wakati mlango uko wazi anatosha, na ukanda huu una malaria.

Kukikucha

Asubuhi anaingia nyani. Huyu hana aibu, anajua zipu na anajua mkate. Tumbili humfuata. Mtoto asishike chakula mkononi akiwa nje, na asimpe nyani kitu hata kwa huruma, kwa sababu atakayekuja kambini kesho ndiye atakayepokonywa.

Mchana ni zamu ya mbung'o. Anauma kupitia nguo na ndiye anayeeneza malale. Anavutwa na rangi ya buluu iliyokolea na nyeusi, na ndiyo maana mitego yake ya vitambaa inayotundikwa porini imeshonwa kwa rangi hizo hizo. Sasa fikiria turubai za buluu zinazojaa madukani kwetu. Ukiifunga moja iwe kivuli cha trela umejitengenezea mtego wako mwenyewe na kukaa chini yake. Chagua rangi ya kaki, ya mchanga au kijani kilichopauka, kwa turubai na kwa nguo za watoto. Mashati ya mikono mirefu ya rangi hizo yatawasaidia kuliko mafuta ya kufukuza wadudu, ambayo mbung'o hayajali sana.

Mkitoka hifadhini mtarudi kwenye barabara kuu. Hapo panahitaji uvumilivu. Malori na mabasi yanakuja nyuma, matuta yako mbele, na twiga anaweza kuvuka popote. Gari lenye trela linahitaji umbali mrefu zaidi kusimama, kwa hiyo fuata mwendo wa vibao na uache nafasi kubwa. Usisimame katikati ya barabara ili watoto wapige picha. Wameshaona wanyama huko ndani. Mtu akiumia au akipata homa, mjini Mikumi ipo Hospitali ya Mtakatifu Kizito, na Kilosa ipo hospitali ya wilaya. Ziandike kwenye karatasi pamoja na simu za hifadhi, kwani mtandao hauna uhakika kila mahali.

Kwa mwenye fedha kidogo, mpangilio wangu wa kununua ni huu: breki na tairi, madumu, wavu wa madirisha, choo, taa mbili na betri, feni, mtungi wa kuzimia moto, turubai la kaki. Friji ya volti 12 ije mwaka wa pili ikibidi. Kwa siku mbili, sanduku la barafu linatunza maziwa na nyama vizuri.

Na kabla ya kuondoka nyumbani, laleni humo usiku mmoja uani kwenu. Fungeni mlango saa moja na nusu kama vile mpo Mkata, simu ziwe mbali, na asiruhusiwe mtu kukimbilia chumbani kuchukua alichosahau hadi saa kumi na mbili asubuhi. Andikeni kila kitu kilichotamaniwa humo ndani. Akiamka mdogo usiku, msimwelekeze. Tazameni kama anaiona ile taa ya chini na kuifikia poti peke yake. Akijikwaa kwenye sanduku, hamisheni sanduku.